Jumapili Nane Nyuma ya Mgongo wa Baba Mkwe

Wewe uliyetoka kwa daktari leo na karatasi mkononi, umekaa mahali unaigeuzageuza bila kuielewa, ngoja kidogo nikuambie. Mimi niliugua kifua kikuu nikapona. Sikuandikii kukufundisha dawa. Dawa waulize wenye dawa. Nataka tu ujue kwamba hofu uliyonayo naifahamu. Wengi waliopona husema walipiga moyo konde. Mimi sikupiga moyo konde hata siku moja. Niliogopa toka mwanzo hadi mwisho, na nikapona hivyohivyo nikiogopa.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Tulikaa Iringa, mimi na mume wangu, yeye akiwa fundi katika karakana ya magari. Kwetu ni Rungwe, lakini wakwe zangu walikuwa wamehamia zamani milimani juu ya Iyunga, karibu na Mbeya, wakilima viazi na pareto. Mwanetu wa kwanza, Lusekelo, alikuwa na miezi saba, msichana mnene mwenye kelele, na tangu azaliwe watu walikuwa wameacha jina langu, wananiita Mama Lusekelo tu. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyojua.

Kikohozi kilianza wakati wa Kwaresima. Nikasema ni vumbi, nikasema ni baridi ya Iringa, nikasema ni moshi wa kuni mbichi. Siku moja nikakohoa ndani ya kanga ya kumbebea mtoto, nikaona damu. Niliifua ile kanga mara tatu kabla mume wangu hajarudi. Ndiyo, nilimficha! Wiki nzima nilimficha, na mtoto ananyonya. Jambo hilo nimeshaliungama kanisani, lakini bado halijaniishia.

Hospitali tulikaa kwenye benchi toka asubuhi mpaka jua likavuka paa. Benchi la wenye kikohozi lilikuwa nje, mbali kidogo na mengine, na kila aliyepita alikaza mwendo. Wakapiga picha ya kifua changu. Daktari akasema na mkalimani kwa muda mrefu, na mkalimani akanigeukia na maneno machache: "Mama, usimnyonyeshe tena. Toka leo." Lusekelo alikuwa kifuani pangu, ameshika kifungo cha blauzi. Mume wangu akamchukua. Alilia, nami nikalia, maziwa yakalowesha nguo mbele za watu.

Ikaamuliwa nilazwe hospitali ya misheni upande wa Mbeya, na mtoto akalelewe na mama mkwe. Mume wangu angebaki kazini Iringa. Tulisafiri kwa basi na mama mdogo wa mume wangu, yeye kiti cha mbele na mtoto, mimi kiti cha nyuma kabisa dirishani, mdomo nimeufunga kitambaa. Mvua za masika zilikuwa zimeikata barabara. Tulikwama, tukasukumwa, tukakwama tena. Siku mbili nilimsikia mwanangu akilia viti kumi mbele yangu. Matiti niliyafunga kwa kitenge, yakawa mawe. Tulifika Jumamosi, kesho yake Pasaka.

Wodi yetu haikuwa na ukuta wa mbele. Ilikuwa baraza ndefu yenye vitanda sita, ukuta mfupi wa kufika kiunoni, na mbele yake miti ya mikaratusi. Walitaka tupate hewa. Hewa tuliipata, jamani! Ukungu wa Mbeya uliingia ukalala nasi, blanketi likawa na unyevu asubuhi. Kwenye kitanda cha jirani alilala mama wa Kisangu kutoka Ubaruku, mkulima wa mpunga, Mwislamu, Mama Hadija. Alikuwa amekonda, macho tu na vidole, lakini ulimi ulikuwa mzima. Aliponiona nalia akaniuliza, "Unalia kwa kufa au kwa mtoto?" Nikasema kwa mtoto. Akasema, "Afadhali. Wa kufa wanatuharibia usingizi."

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Kwa Wanyakyusa, mke haonani uso kwa uso na baba mkwe. Ukimkuta njiani unaingia kwenye majani unampa mgongo mpaka apite. Hukai naye chumba kimoja, hulitaji jina lake; hata hapa sitalitaja. Wamisheni walishasema hapa na pale kwamba si lazima, na baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, lakini heshima ni heshima. Nilikuwa nimeolewa miaka mitatu bila kumwona sura. Nilimjua kwa kikohozi chake cha kuonya kwamba anapita, kwa kofia yake ya kahawia, na kwa mgongo.

Jumapili ya Pasaka, baada ya ibada, nikasikia kikohozi hicho mikaratusini. Nikajifunika shuka kichwani haraka. Alisimama hatua kumi kutoka ukutani, ametupa mgongo, akauambia mti, "Mama uliye kitanda cha jirani, habari za mchana. Mwambie mgonjwa wetu mtoto amefika salama, amelala."

Mama Hadija akanigeukia, nami nipo palepale, nimesikia kila neno. "Mzee anasema mtoto amefika salama, amelala."

"Mwambie ndaga," nikasema. Ndaga kwetu ni asante.

"Anasema ndaga, Mzee."

Kisha nikapiga makofi mawili taratibu, jinsi mke anavyompigia mkwe kumjulisha kwamba amesikia na amekubali. Mama Hadija alicheka mpaka akakohoa. "Hee! Wanyakyusa nyie! Mtu yuko hapa na mtu yuko pale, mimi nimekuwa posta!"

Baba mkwe hakujua kusoma, ila alikuwa na kichwa cha ajabu. Somo likisomwa mara moja kanisani, analo. Hakutaka nikose masomo ya majira ya Pasaka, kwa hiyo akalisimulia la siku hiyo kwa maneno yake. Wanawake walikwenda kaburini asubuhi, wakakuta jiwe limeondolewa, wakaambiwa amefufuka, nao wakatoka mbio wakitetemeka, wasimwambie mtu, kwa sababu waliogopa. Basi. Somo liliishia hapo. Nilikuwa nimelisikia tangu utoto na sikuwahi kuona kwamba habari njema ilipokelewa kwa kutimua mbio. Nilijifunika vizuri zaidi. Kwa mara ya kwanza nilijiona ndani ya Maandiko, na sikupenda mahali nilipojiona.

Ndivyo tulivyoanza. Siku za juma zilikuwa za sindano. Kila asubuhi, leo tako la kushoto, kesho la kulia, mpaka sikujua nikalie wapi. Vidonge vilikuwa vikubwa, vichungu, vinarudi na uji. Maziwa yalikauka juma la pili, na siku yalipokauka nilihisi nimefiwa. Pete ilinivuka kidoleni ikaanguka chini ya kitanda, nikaiacha hukohuko mpaka mfagiaji aliponirudishia. Lakini juma nililihesabu kwa Jumapili, kwa mgongo ule kati ya mikaratusi.

Jumapili ya pili, somo la wanafunzi wa Bwana, wamejifungia ndani kwa woga. Mama Hadija akasema, "Hao nao! Kwani walikuwa na kifua kikuu?" Nikaona mabega ya baba mkwe yanatikisika. Anacheka, mzee wa watu, na hawezi kugeuka.

Jumapili ya tatu ilikuwa habari ya mchungaji mwema, na yule wa mshahara anayewaacha kondoo akiona mbwa mwitu. Alipofika hapo akasita. Mume wangu alikuwa hajaja wala kuandika. Nilijua baba yake anawaza hilo, naye alijua nawaza hilo. Akakohoa, akasema, "Mwambie mgonjwa, ruhusa ya kazini ni ngumu." Mama Hadija akanitazama tu, hakurudia. Mwezi mzima nilimchukia mume wangu. Baadaye alikiri kwamba alifika hadi stendi ya Iringa mara mbili, akaogopa, akarudi nyumbani. Nilimwambia nami nilificha kanga. Hatujagombana tena juu ya hilo.

Jumapili ya nne ndiyo iliyonitoa usingizi. Bwana anawaambia wanafunzi wake kwamba bado kitambo kidogo hawatamwona, na tena kitambo kidogo watamwona. Mvua ilikuwa kubwa siku hiyo, bati linapiga kelele, nikalazimika kuinua kichwa kutoka kwenye shuka nisikie. Nikasema, "Mama Hadija, muulize. Kitambo kidogo ni siku ngapi?"

Akamuuliza. Baba mkwe akaivuta kofia chini, mvua inamlowesha. "Mwambie nitauliza," akasema. Jumapili iliyofuata akaja na jibu: mchungaji naye hajui. Nilimheshimu kwa hilo. Watu wengine wote waliokuja kuniona walikuwa na jibu.

Siku hiyohiyo ya tano alitueleza kwamba Bwana anasema ni afadhali kwao yeye aondoke. Nilikasirika. Afadhali gani? Kila anayeondoka anasema ni afadhali, anayebaki ndiye anayejua. Kisha akaongeza habari za nyumbani: Lusekelo anamwita bibi yake mama. Alidhani nitafurahi kwamba mtoto ameanza kusema. Nilipiga makofi yangu mawili, nikageukia ukuta.

Kuanzia hapo masikio yangu yakaanza kulia. Mwanzoni yalilia kama nyenje wa kiangazi, tena mchana kutwa. Nikisimama, sakafu inainama; nilitembea nimeshika vitanda. Sauti za watu zikawa mbali. Nikajiambia ni mvua juu ya bati. Jumapili ya sita somo lilikuwa la kuomba na kupewa, na Mama Hadija ndiye aliyenirudishia lote, mdomo wake karibu na uso wangu. Alikuwa amechoka sana. "Omba nawe," akaniambia mwishoni. "Niombee na mimi, kwa huyo wa kwenu, hakuna ubaya." Nilimwomba Mungu amponye Mama Hadija na anirudishie Lusekelo. Nilitaka vyote viwili.

Mama Hadija alifariki Alhamisi ile, siku ya Kupaa, saa za mchana, uji wake bado una moshi. Nilikuwa namtazama. Alikohoa, akanyoosha mkono kama anataka kikombe, na hakukichukua. Wakamfunika, ndugu zake wakaja kutoka Ubaruku wakamchukua, na kitanda kikatandikwa shuka safi kwa ajili ya mwingine. Tangu siku hiyo hofu haikuwa tena ya kuwazawaza. Niliiona ina kitanda, na kitanda kiko upande wangu wa kulia.

Halafu mvua zikakatika. Ijumaa niliamka, jua limewaka, bati kimya, na sikusikia kitu. Nesi alifungua mdomo na kuufunga. Mfagiaji alisukuma ndoo na ndoo haikulia. Haikuwa mvua, kumbe! Ni masikio. Ningemwambia nesi palepale ingekuwa vyema, lakini nilifanya nilichofanya na ile kanga: nikaficha. Niliogopa wakisema sindano zimeniharibu, watazikatiza, na zikikatizwa nitakwenda alikokwenda Mama Hadija.

Jumapili ya saba baba mkwe akaja. Nilimwona kupitia upenyo wa shuka. Hapakuwa na posta tena kati yetu, na wengine wodini walikuwa wamelala au hawajiwezi. Akasimama na mgongo wake, akaanza. Niliona kofia ikitikisika kidogo, mkono wa kulia ukiinuka. Hakuna sauti. Akasema kwa muda, nikadhani ni somo. Akatulia, nikadhani amemaliza. Nikapiga makofi mawili. Akabaki amesimama. Kofia ikatikisika tena, kwa muda mfupi. Nikapiga tena, nikiwa na haraka aende asije akanigundua. Akaenda.

Jumatatu nesi akaja kunichoma, akaniambia jambo, nikatikisa kichwa kukubali. Alikuwa mwenyeji wa Njombe, mtu makini. Akazunguka nyuma ya kitanda changu, sijui alifanya nini huko, akarudi mbele na uso umebadilika. Akaniinamia sikio la kushoto akapiga kelele, nikasikia kama mtu aliye ng'ambo ya mto: "Husikii?" Nikaanza kulia. Kisha akapiga kelele tena: "Sasa jana ulikubali nini? Mzee aliuliza kama mtoto apelekwe Makongolosi!"

Nilimshika mkono asiondoke. Alikuwa amemsikia mzee kutoka mlangoni, akanieleza yote kidogokidogo, sikioni, nusu kwa kuandika nyuma ya karatasi ya homa. Lusekelo alikuwa anakataa maziwa ya ng'ombe, amepungua. Dada wa mume wangu, aliyeolewa Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, alikuwa amejifungua na mtoto wake hakuishi, maziwa anayo. Mume wangu ameandika kwamba anakubali, ikiwa mama wa mtoto amekubali. Na mama wa mtoto alipiga makofi. Basi la Chunya la kwenda huko lilikuwa linaondoka Jumatano.

Nilijua aliyenyimwa mtoto wake hutafuta mwingine wa kumweka kifuani. Akishamnyonyesha miezi, nani atamnyang'anya? Nami ni nani, mifupa iliyolazwa barazani? Mtoto wangu angekua huko, angeitwa wa huko, na mimi ningekuwa shangazi mgonjwa anayeletewa mtoto wa kumsalimu. Niliandika barua: msimpeleke, sikuelewa. Mfagiaji akaichukua kuipandisha Iyunga. Hakurudi na jibu. Daktari alisitisha sindano, akaniachia vidonge. Jumanne sikula. Jumatano nilikaa nikitazama upande wa barabara ambayo haionekani kutoka pale. Alhamisi nilijua kwamba ama ameshakwenda au hajakwenda, na kwamba kujua kwangu hakubadili kitu. Nimewahi kuogopa kufa, lakini juma lile sikukumbuka kabisa kwamba naweza kufa.

Jumapili ya Pentekoste ilikuwa na baridi kali, umande umeganda mweupe kwenye majani. Baba mkwe akaja, mikono mitupu. Akasimama mahali pake, akanipa mgongo, na kofia ikaanza kutikisika.

Niliondoa shuka kichwani. Nikashuka kitandani, sakafu ikainama, nikashika ukuta mfupi. Nikasema, sijui kwa sauti kubwa kiasi gani, maana sikujisikia, "Baba, sisikii."

Kofia ikatulia.

"Masikio yamekufa, Baba. Jumapili iliyopita sikusikia hata neno moja. Nigeukie. Nigeukie nione mdomo."

Hakugeuka. Wagonjwa waliinua vichwa. Mmoja wao, Mnyakyusa mwenzangu, akajifunika uso kwa kunionea aibu. Nilifikiri nimemvunjia mzee heshima mbele za watu na mtoto nimempoteza vilevile. Ndipo akavua kofia. Akaishika kwa mikono miwili, akageuka polepole.

Loo! Alikuwa na paji la uso la Lusekelo. Paji lilelile pana, na kishimo kilekile kidevuni. Tangu azaliwe nilikuwa nashangaa mtoto wangu amefanana na nani. Macho yake yalikuwa mekundu na hakuyainamisha. Akasogea mpaka ukutani, akafungua mdomo polepole kwa kila neno, jinsi unavyomsemesha mtoto, nami nikasoma.

"Yupo nyumbani."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Akaweka kiganja kimoja chini, kufika gotini pake, akionyesha kimo: anasimama, anashika stuli. Kisha akaniambia jambo refu ambalo nililielewa kwa shida, na nesi alikuja kulithibitisha baadaye. Alisema nilipiga makofi kabla hajauliza. Alikuwa bado yuko kwenye somo. Akajiuliza, mwanamke gani anakubali kabla ya kuulizwa, na alipouliza nikakubali upesi hivyo, jambo la mtoto wangu? Alirudi nyumbani akamwambia mkewe basi la Jumatano liondoke tupu. Barua yangu iliwafikia Ijumaa tu. Mama mkwe alikuwa amepata kumnywesha mtoto uji wa ulezi wenye maziwa, na alikuwa anaumeza.

Nilikaa chini palepale sakafuni. Yeye alibaki amesimama, na alipoona nimetulia akakumbuka kazi yake. Somo la Pentekoste akalisema lote akinitazama. Mengi yalinipita. La mwisho nililipata, kwa sababu alilirudia mara nyingi bila mimi kuomba: Bwana anawaachia amani, na anawaambia mioyo yao isifadhaike wala isiogope. Niliogopa bado. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa, akasema kwa mdomo mpana, "Na mimi."

Makohozi yangu yalitoka safi mwishoni mwa kiangazi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika nyumbani Lusekelo alijificha nyuma ya bibi yake, na ilichukua mavuno mawili ya viazi kabla hajaniita mama bila kuambiwa. Sikio la kulia halikurudi. La kushoto lilirudi kidogo. Wewe mwenye karatasi mkononi, ukianza kusikia nyenje, mwambie nesi siku hiyohiyo. Usifiche kitu. Mimi nilificha mara mbili, na mara zote mbili mtoto ndiye aliyewekwa rehani.

Kanisani baba wakwe hukaa benchi la wazee, mbele, na wake wa watoto wao hukaa nyuma ya nguzo. Mimi hukaa benchi la kwanza, nyuma tu ya wazee. Walinong'ona mwaka wa kwanza, wakachoka. Kila Pentekoste somo likianza, baba mkwe, ambaye sasa anatembelea fimbo, hugeuka kwenye benchi lake, hunitazama, na husema maneno yote kwa mdomo bila sauti mpaka mwisho. Nami nikimaliza kuyasoma, napiga makofi mawili.